Sinapsi Hazijengwi kwa Usiku Mmoja

Juma lililopita nilipokea matokeo ya mtihani wa fiziolojia (elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi) niliokuwa nimeurudia, nami nimefaulu vizuri. Siku mbili baadaye msomaji mmoja aliniandikia akiuliza kwa nini husoma usiku kucha, kisha asubuhi hakumbuki kitu. Swali hilo lilinigusa, kwa kuwa nililiishi.

Mara ya kwanza nilikesha siku tatu mfululizo, nikipigia mistari sura ya mfumo wa neva hadi kurasa zikalowa wino. Katika chumba cha mtihani niliuona akilini mchoro wa sinapsi, yaani pale seli moja ya neva inapopitishia nyingine ujumbe, pamoja na mishale yake yote, lakini majina yaliyokuwa kwenye ncha za mishale yalikuwa yamefutika. Mwalimu aliponirudishia karatasi alisema mbele ya wenzangu kwamba sina akili ya fani hii. Neno hilo nalikumbuka hadi leo, ingawa lilisemwa mara moja tu, kwa sababu hisia kali huuchochea ubongo kuimarisha kumbukumbu. Majina ya mishale hayakuwa na msaada huo.

Nilipotulia nilisoma kazi ya Eric Kandel, mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2000, aliyemchunguza konokono wa baharini. Konokono aliyeguswa mara 40 mfululizo alijifunza kuupuuza mguso, lakini funzo hilo lilidumu takriban siku moja; aliyeguswa mara 10 kila siku kwa siku nne alilihifadhi kwa majuma kadhaa. Idadi ya miguso ni ile ile! Kumbukumbu ya muda mfupi hubadili tu nguvu ya sinapsi zilizopo, ilhali ile ya muda mrefu huhitaji jeni, yaani maelekezo ya urithi, ziamshwe ndani ya kiini cha seli na protini mpya zitengenezwe, hata idadi ya sinapsi zenyewe ikabadilika. Ujenzi huo huchukua saa nyingi, na mimi sikuwa nimeupa hata usiku mmoja wa usingizi.

Kwa hiyo niligawa sura ile ile katika siku nyingi. Nilisoma kidogo, nikafunga kitabu, nikachora sinapsi bila kutazama, nikalala, na kesho yake nikachora tena. Mchoro wa kwanza ulikuwa na majina mawili. Wa sita ulikamilika.

Ndugu msomaji, usikubali mtu akwambie kwamba huna akili kabla hujaupa ubongo wako muda. Acha kukesha. Rudia kwa vipindi, tena rudia bila kuchungulia kitabu, na uulinde usingizi wako kama unavyoulinda muda wa kusoma. Anza leo na sura iliyokushinda, na mchoro wako wa kwanza usiutupe, hata ukiwa na jina moja tu.