Jina ambalo rejista haitakuwa nalo

Wiki iliyopita mliuliza: “Je, majina ya waliotiwa hatiani kwa makosa ya ngono yachapishwe ili kila mtu ayaone?” Jibu langu ni ndiyo, na yabandikwe ofisini kwa chifu, pale panapobandikwa orodha ya basari, maana hapo kila mzazi hupita. Sioni kwa nini aliyemharibu mtoto apewe sitara ambayo mtoto mwenyewe hakupewa.

Ila kabla ya kufika kwenye kuchapisha, tuulizane majina hayo yatatoka wapi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya mwaka 2006, ile iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, mbunge wa wakati huo, inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu atunze rejista ya waliohukumiwa. Maana yake asiyehukumiwa hayumo. Ili jina liingie humo, lazima mtoto aseme, mzazi amwamini, polisi waandike taarifa, fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ijazwe, mashahidi wafike kortini, na kesi iende hadi mwisho. Ninazozijua mimi nyingi zilikatikia njiani.

Nitawaeleza moja. Kijijini kwetu Pwani kulikuwa na msichana wa darasa la sita. Ndugu mdogo wa babake aliishi nao boma moja. Mamake ndiye aliyegundua. Usiku huohuo alimpakia mtoto kwenye bodaboda hadi zahanati. Hakumwogesha wala hakufua nguo zake. Sijui nani alimfundisha, lakini alifanya kila jambo ambalo wakili angemwambia afanye. Kulipokucha polisi wakamkamata yule baba mdogo, nasi tukaamini mambo yatanyooka.

Kisha wazee wakaanza kuja. Walikuja wawili wawili, jioni, kwa upole, wakipewa chai. Hawakumtetea yule mwanamume, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Walikubali kwamba amekosa. Walichosema ni kwamba jela haitamrudisha mtoto alivyokuwa, kwamba nyanya mzaa baba atakufa kwa presha, kwamba nyumba itavunjika na atakayeonekana ameivunja ni mke. Mumewe alinyamaza karibu vikao vyote. Mara moja tu alimwambia mbele yetu, “Mama watoto, yule ni ndugu yangu, tumbo moja.” Mkewe akamjibu, “Na huyu ni nani wako?” Hakuna aliyelijibu swali hilo.

Mwishowe mama alishindwa. Walitoa mbuzi wawili na pesa za kile walichokiita kumsafisha mtoto. Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule, na nilipata kuisoma. Mlalamishi alikuwa baba. Mshtakiwa, ndugu yake. Kosa liliandikwa kuwa ni “kutoelewana katika familia”. Chini palikuwa na sahihi, alama ya dole gumba la nyanya kwa wino wa zambarau, na majina ya mashahidi ambao ni walewale wazee wa chai. Mtoto hakutajwa popote, hata umri wake. Niliirudia karatasi ile juu hadi chini nikimtafuta, simwoni.

Kisheria, mzazi au mzee wa kijiji hawezi kuifuta kesi kama ile. Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kiliuweka uamuzi wa kusimamisha mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na siku hizi kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Lakini hapakuwa na haja ya kufuta chochote. Mtoto alipelekwa kwa shangazi yake mbali, mama akaacha kwenda kortini, kesi ikawa ya kutajwa na kuahirishwa hadi hakimu akamwachilia mshtakiwa kwa kukosa ushahidi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko yao ya kunajisiwa. Kwetu polisi walifanya kazi yao. Walioizima kesi walikuwa watu wa nyumbani.

Baba mdogo alihamia mji mwingine, akapata kazi ya kuendesha basi la shule. Cheti chake cha maadili mema ni safi, kwa kuwa hakuna korti iliyomtia hatiani. Ibandikeni rejista kwenye kila mwembe, jina lake hamtalikuta.

Wamarekani wametutangulia mbali kwa jambo hili. Megan Kanka, mtoto wa miaka 7, aliuawa New Jersey mwaka 1994 na jirani aliyekuwa amehukumiwa awali kwa makosa dhidi ya watoto. Zikatungwa sheria za kuwajulisha majirani, na leo majina na picha ziko kwenye intaneti. Uchungu wa wazazi wale hauna mjadala. Hata hivyo, takwimu za wizara yao ya sheria za mwaka 2000 zilionyesha kwamba katika visa vya watoto vilivyofika polisi, takriban 93 kati ya 100 mtendaji alikuwa mtu wa familia au anayefahamiana na mtoto. Na kule Miami, masharti ya mahali pa kuishi yalibana hadi waliomaliza vifungo wakaishi kwenye mahema chini ya daraja. Sijui ni mtoto gani analindwa na hema chini ya daraja.

Sasa nafikiria: kama mama yule angeshinda? Jina la shemeji yake lingebandikwa kwa chifu kama nilivyotaka hapo juu, pamoja na kijiji, mwaka na kosa. Nani asingejua ni mtoto wa nyumba gani? Korti inalificha jina la mtoto, kisha sisi tulitangaze kwa kupitia jina la baba yake mdogo. Wazee nao wangepata hoja moja zaidi: “Unataka mwanao asomwe ukutani?” Nina hakika mama angevunjika moyo mapema kuliko alivyovunjika.

Kuna pia kijana wa miaka 18 aliyepatikana na mpenzi wake wa miaka 17. Kifungo cha chini kwa kosa hilo ni miaka 15, na Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2024 kwamba vifungo hivyo vya chini vibaki. Sisemi hana kosa. Nasema asiwekwe ukutani bega kwa bega na anayewinda watoto wa chekechea.

Kwa hiyo hapana, yasichapishwe kwa kila mtu. Yafunguliwe kwa anayeajiri mtu wa kukaa na watoto: shule, madrasa, makanisa, makao ya watoto, wenye mabasi ya shule. Na kuuliza kuwe lazima. TSC, tume inayoajiri na kusajili walimu, hutangaza walimu iliowafuta kwenye sajili yake, lakini dereva, mpishi na bawabu hawako chini ya TSC.

Anayehukumiwa mara ya pili, kwa mtoto mwingine, huyo sina la kumtetea. Atajwe, mradi hakimu aridhike kwanza kwamba jina hilo halitamfichua mtoto. Na kama serikali ina pesa za kuchapisha orodha, ianze kwa kumlipia mama nauli ya kwenda kortini hadi siku ya hukumu.