Mbwa Amekula Chokoleti: Usingoje Mpaka Atetemeke

Mbwa akila chokoleti, kinachowaponza watu wengi ni kwamba mbwa mwenyewe anaonekana mzima. Anatikisa mkia, anazunguka miguuni kuomba nyingine, kisha anakwenda zake kulala kivulini. Mwenye mbwa naye anatulia, anasema kumbe hakuna neno. Sumu ya chokoleti haina haraka. Mara nyingi dalili huonekana baada ya saa 6 hadi 12, na zikishaanza huweza kuendelea hata siku tatu. Kwa hiyo ile saa ya kwanza au ya pili, mbwa akiwa bado na furaha zake, ndiyo saa ya kumwokoa. Nataka anayesoma hapa ashike hilo hata kama mengine yote yatampita.

Mimi ni msimamizi wa nyumba ya wageni huku Casuarina, Malindi. Nyumba nyingi za upande huu zina mbwa wa ulinzi, na wageni wetu wengi ni Waitaliano, watu ambao hawasafiri bila chokoleti. Huanza kumiminika mwezi wa Desemba, na ikifika Pasaka meza zinajaa yale mayai yao makubwa ya chokoleti yaliyofungwa kwa karatasi za kung'aa. Halafu masika yanaingia, wageni wanafunga mizigo, na vilivyobaki jikoni tunaachiwa sisi wafanyakazi. Sasa, chokoleti ya Malindi unaijua: joto likiizidi inayeyuka, ukiitia kwenye friji inaganda tena ikiwa imefanya weupe juu, na hakuna mtoto anayeitaka. Inatupwa kwenye pipa lisilo na kifuniko, au anarushiwa mbwa kwa huruma. Mtu anayemrushia hana nia mbaya hata kidogo. Hakuna aliyemwambia tu.

Kitu kinachomdhuru mbwa kinaitwa theobromini, kimo ndani ya kakao pamoja na kafeini kidogo. Sisi binadamu miili yetu inakivunja na kukitoa kwa muda mfupi. Mwili wa mbwa unakwenda polepole mno: baada ya saa 17 hivi nusu yake bado imo kwenye damu, inauchochea moyo na kuzisumbua neva. Ndiyo maana mtoto anakula kipande na kwenda kucheza, na mbwa aliyekula kipande kama hicho anakesha akihema.

Si kila chokoleti ni sawa, na hapa inafaa mtu afanye hesabu. Chokoleti ya maziwa ina theobromini kama miligramu 2 kwa kila gramu. Ile nyeusi, chungu, ina kama 5 au zaidi. Chokoleti ya kupikia isiyo na sukari inafika kama 15, na unga wa kakao, ule wa kopo tunaookea keki, unapita 20. Chokoleti nyeupe karibu haina kitu, ila mafuta yake bado yatamvuruga tumbo. Upande wa mbwa, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumletea kutapika, kuharisha na kutotulia. Zikifika 40 au 50 moyo huanza kwenda vibaya. Zikifika 60 anaweza kupata degedege, na zaidi ya hapo anaweza kufa.

Tuchukue mbwa wa kilo 25 aliyekula chokoleti ya maziwa ya gramu 100. Amepata miligramu 200, yaani 8 kwa kila kilo. Huyo mwangalie tu na mpe maji, pengine ataharisha. Mbwa wa kilo 5 akila gramu 100 za chokoleti nyeusi amepata 100 kwa kila kilo, na huyo yuko hatarini kweli. Lakini kinachonitia hofu kuliko vyote ni keki. Dada zetu wengi mjini wanaoka majumbani kwa oda za harusi, Idi na siku za kuzaliwa, na keki moja ya chokoleti huweza kuingia gramu 50 za unga wa kakao. Mbwa wa kilo 20 akiimaliza keki nzima iliyoachwa barazani ipoe, amepita miligramu 50 kwa kila kilo, wala hajaonja kitu ambacho mtu angekiita chokoleti. Na kopo la kakao lenyewe likimwagika mbele ya mbwa mdogo, usianze hata kupiga hesabu, piga simu.

Hesabu hii haiwezekani kama hujui uzito wa mbwa wako. Mbebe, panda naye kwenye mizani, kisha jipime peke yako utoe. Kama ni mkubwa, wauza mbuzi wana mizani ya kuning'iniza. Mfunge kwenye gunia imara, kichwa kikiwa nje. Andika ule uzito ukutani jikoni pamoja na namba ya daktari wa mifugo. Na usingoje siku ya shida ndiyo umpigie daktari mara ya kwanza. Wengi wa madaktari wa mifugo huku kwetu kazi yao kubwa ni ng'ombe na mbuzi, hivyo muulize mapema: unatibu mbwa? Una sindano ya kumtapisha? Unapokea simu usiku na Jumapili? Kama jibu ni hapana, mwombe akuelekeze kwa mwenzake, Malindi hapa hapa, Watamu au Kilifi. Mombasa ni kama kilomita 120 kutoka kwetu, na ukianza kutafuta daktari wa huko mbwa akiwa ameshakula, saa zile za mwanzo zinaishia njiani.

Nitawasimulia ilivyokuwa kwa Pepe, maana mengi ninayoyasema nilijifunzia kwake. Pepe ni mbwa mdogo wa miguu mifupi, kilo 9. Wageni waliacha sanduku la chokoleti nyeusi kwenye meza ya chini ya baraza, wakaenda kuogelea. Mlinzi wetu akaniita: "Dada, njoo umwone Pepe, ana karatasi mdomoni." Tukazikusanya zile karatasi zote, hata za chini ya kiti, nikasoma uzito ulioandikwa kwenye sanduku na kuhesabu vilivyosalia. Alikuwa amekula karibu gramu 150. Ukipiga hesabu, hiyo ni zaidi ya miligramu 80 kwa kila kilo. Na Pepe mwenyewe muda huo alikuwa anarukaruka akidhani tunacheza naye.

Mpishi wa jirani akaja na kikombe cha maziwa. "Mpe haya, yanakata sumu." Nikamwambia, "Kaka, ahsante, lakini hapana." Maziwa hayakati sumu hii. Ushauri wa namna hiyo utausikia mwingi: maziwa, mayai mabichi, mafuta ya kupikia, mkaa wa jikoni uliosagwa, maji ya chumvi. Mafuta yanaongeza balaa tumboni. Mkaa wa jiko si ule mkaa wa dawa anaoutumia daktari, ambao umetengenezwa uweze kunasa sumu. Na mbwa anayeshindiliwa kitu kwa nguvu huweza kuvuta kile kitu kikaingia mapafuni, ukamletea ugonjwa wa pili. La chumvi nalisema kwa mkazo: maji ya chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa na yameua. Kuna pia dawa ya maji iitwayo haidrojeni peroksaidi, ambayo baadhi ya madaktari humwelekeza mwenye mbwa aitumie kumtapisha nyumbani. Hiyo ni ya asilimia 3 tu, kwa kipimo atakachokutajia daktari mwenyewe kwenye simu. Ile kali ya saluni inaunguza tumbo. Na mbwa ambaye ameshaanza kutetemeka, kulegea au kupoteza fahamu hatapishwi nyumbani kwa namna yoyote.

Daktari aliniuliza mambo machache: uzito, aina ya chokoleti, kiasi, amekula saa ngapi, na sasa yukoje. Nilikuwa nayo yote, simu haikuchukua dakika mbili. Akasema, "Mlete sasa hivi, usimpe kitu." Kijana wa tuktuk alipomwona mbwa akasita. "Dada, kiti changu." Nikatandika kanga mbili za zamani, nikamwahidi kukisafisha kama kitachafuka, akakubali. Kama unakaa mbali na daktari, zungumza na dereva mmoja kabla, ajue kwamba siku moja utamwita kwa kazi ya namna hiyo. Na usimfunge mbwa mdomo kwa kamba wakati huo, kwa sababu akitapika mdomo umefungwa anaweza kupaliwa akafa njiani.

Alipochomwa ile sindano, Pepe alitapika ndani ya dakika chache. Kilichotoka kilikuwa kizito, cheusi, kimeshikamana donge moja, na ndani yake vipande vya karatasi ya fedha. Daktari akanionyesha lile donge. Chokoleti ina tabia ya kugandamana tumboni, na kwa sababu hiyo hata ukichelewa saa kadhaa bado inafaa kumpeleka, huenda nyingi haijaingia kwenye damu. Baadaye akapewa mkaa wa dawa na kuwekewa dripu.

Hata hivyo iliyokwisha kuingia ilitosha kumsumbua. Usiku akawa hatulii, anakunywa maji bila kushiba, anahema, na nyama ya paja inacheza chini ya ngozi. Daktari alinifundisha kushika mapigo ya moyo: unaweka vidole ndani ya paja la nyuma, karibu na kinena, mpaka uusikie mshipa, unahesabu kwa sekunde 15 kisha unazidisha kwa nne. Mbwa aliyetulia huwa kati ya 60 na 140, wakubwa chini, wadogo juu. Jifunze kuushika mbwa akiwa mzima, ujue kawaida yake. Kazi yangu nyingine ilikuwa kumtoa nje akojoe, mara kwa mara, maana sumu hii ikikaa kwenye kibofu inanyonywa na kurudi mwilini. Daktari akasisitiza hilo kama alivyosisitiza dawa. Na joto letu la kaskazi ni adui mwingine. Mbwa mwenye sumu hii hupanda joto kwa kule kutetemeka, kwa hiyo mweke penye sakafu baridi na feni, mlowanishe tumbo na miguu kwa maji ya kawaida. Akipata degedege, ondoa vitu vilivyo karibu naye, usimtie mkono mdomoni, mrudishe kwa daktari. Zipo dawa za kulituliza na za kuushusha moyo.

Wengi wetu hapa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa tunayaosha mara saba, moja kwa udongo. Nimeona mtu mwema akisita kumshika mbwa anayetapika kwa sababu hiyo, na simlaumu. Lakini mbwa wa kulinda nyumba na mifugo ameruhusiwa, na ukishamfuga, roho yake iko mikononi mwako. Sote tumesikia habari ya yule mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Vaa glavu za kuoshea vyombo umshike. Mkono utaoshwa, maji yapo na udongo upo.

Yapo mengine yanayosafiri pamoja na chokoleti. Zabibu kavu zilizomo ndani yake huharibu figo za mbwa. Njugu za makadamia humlegeza miguu ya nyuma. Sukari ya zailitoli, inayotiwa kwenye ubani wa kutafuna na peremende zisizo na sukari, hushusha sukari ya damu kwa muda mfupi sana na inaweza kuliharibu ini, na kwa hiyo hata kidogo ni dharura. Machicha ya kahawa yana kafeini, usiyamwage mahali mbwa anapofukua. Na yale mayai ya Pasaka ya Waitaliano huwa na kitu cha kuchezea ndani, plastiki mara nyingi. Ukikuta ganda limeliwa na kitu hakionekani, mwambie daktari, kinaweza kuziba utumbo.

Mbwa akishatulia, mpe chakula chepesi kidogo kidogo: wali na kuku wa kuchemsha, bila mafuta wala viungo. Endelea kumwangalia siku tatu nne zinazofuata, maana mafuta ya chokoleti huweza kuleta uvimbe wa kongosho baada ya sumu yenyewe kwisha. Ukimwona anakataa kula, anatapika upya, mgongo umepinda na tumbo hataki liguswe, mrudishe kwa daktari siku hiyo hiyo na umwambie kwamba alikula chokoleti, hata kama ni juzi.