Msimu wa kwanza wa mbio za magari: anza na breki

Msimu wangu wa kwanza fedha karibu zote niliziweka kwenye injini. Gari likanguruma vizuri, nami nikavimba kichwa. Siku ya mazoezi, mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, nikakanyaga breki na pedali ikazama hadi chini, laini kama sifongo. Nikaipiga tena mara tatu nne, ikashika kidogo, nikaishia kwenye kokoto. Gari halikuumia, ila mimi nilikaa humo kwa muda miguu ikitetemeka.

Kumbe mafuta ya breki yalikuwa ya siku nyingi. Mafuta haya hunyonya unyevu taratibu hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, kiwango cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya. Yakishashika maji hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga, nguvu yote inaishia kuubana, pedi hazisogei. Kwa hiyo badilisha mafuta yote kabla ya msimu, kisha toa upepo kwenye breki kabla ya kila mbio. Weka na pedi za mbio, kwa maana zile za kuendea kazini zikipata moto huteleza tu kwenye diski. Ukimaliza, zunguka mara moja polepole zipoe, na ukiegesha usivute hendibreki.

Vifaa vya usalama visinunuliwe kabla ya kusoma kanuni za klabu yako. Rafiki yangu alikuja na helmeti nzuri ya pikipiki, akarudishwa langoni. Zile zilizopitishwa na Snell, shirika la kupima helmeti, zenye alama ya SA (za mbio za magari) hupimwa pia kwa moto, za M (za pikipiki) hazipimwi hivyo. Mikanda nayo ina tarehe ya mwisho. Ukiuziwa ya mtumba kwa bei ya kutupa, tazama lebo kwanza.

Tairi likipata moto upepo hupanda, basi anza na upepo pungufu, pima mara tu unapotoka uwanjani, na uandike. Daftari langu lina madoa ya grisi lakini limenifundisha kuliko fundi yeyote.

Bendera jifunze zote. Ya njano ina maana hakuna kupita mtu, hata kama aliye mbele anatambaa.

Fedha ikibaki, usirudi kwenye injini. Lipia siku za mazoezi na mwalimu wa kukaa kando yako. Wangu alinikera sana kwa neno moja, “tazama mbele”, mpaka nilipogundua kwamba kweli nilikuwa natazama boneti.

Nati za magurudumu kagua kila unapotoka, na ubebe za akiba. Beba nyingi, maana jirani atakuja kuazima na hazitarudi.