Viazi vya ghala moja, gunia moja limechipua na jingine bado limelala

Mkuu, nimekuelewa hivi: aina mbili za viazi mviringo, umezivuna siku moja, ziko ghala moja. Gunia moja limejaa machipukizi, jingine limetulia kama mawe, na mbegu unaitaka mwezi ujao. Waliotangulia kukujibu wanasema mwagia maji. Usimwagie. Kiazi kibichi ni maji kwa takriban asilimia 80, kiu hakina. Mimi niliwahi kukizika kiazi kilicholala nikidhani udongo wenye unyevu utakiamsha. Mistari minne ikanitazama tu, nikafukua, nikakuta kimeanza kuoza na jicho halijasogea hata kidogo.

Kufuli liko ndani. Kiazi si mzizi, ni shina lililovimba, na kila jicho ni kifundo chenye vichipukizi vilivyofungwa. Usingizi wenyewe hauanzi siku ya kuvuna, huanza kiazi kikiwa bado kinavimba udongoni, na anayeushikilia ni homoni iitwayo asidi ya absisiki. Watafiti waliwahi kukuza viazi vidogo vya maabara wakavizuia kutengeneza asidi hiyo, navyo vikachipua kabla ya wakati. Ghalani kiwango chake hushuka polepole. Kila aina ina mwendo wake, na hapo ndipo magunia yako mawili yalipoachana. Joto likizidi, au likipanda na kushuka ovyo, usingizi hufupika.

Kuamka nako kuna hatua mbili, na wengi tunazichanganya. Kwanza homoni nyingine, sitokinini, huzirudisha seli za jicho kwenye kugawanyika. Hapo unaona kinundu cheupe, kidogo kuliko kichwa cha njiti. Kisha homoni ya tatu, jiberelini, hurefusha kile kilichokwisha amka.

Niliijua tofauti hiyo kwa hasara. Nilinunua unga wa jiberelini wa kuloweka mbegu, dozi ikiwa miligramu chache kwa lita, nikakosea nukta moja ya desimali. Siku chache baadaye machipukizi yalikuwa marefu, membamba kama uzi, yamepauka, ukiligusa moja linakatika. Baadaye nikasoma kwamba homoni hii ilianza kujulikana mwaka 1926, mtafiti Mjapani Kurosawa akichunguza ugonjwa wa mpunga unaofanya miche irefuke kupita kiasi, idhoofike na kuanguka. Nikacheka peke yangu, maana ndicho nilichokuwa nacho kwenye tenga.

Wale wa "weka tufaha ndani ya gunia" nao wana nusu ya ukweli. Tufaha linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na ethilini ina tabia mbili. Ikikaa na viazi muda wote, machipukizi hubaki mafupi, ndiyo maana yapo maghala makubwa yanayoipuliza mfululizo. Lakini ikipita siku mbili tatu kisha ikaondoka, inaweza kukatisha usingizi badala ya kuurefusha. Mimi nilitia matufaha, siku ya tatu watoto wakayala, na gunia likachipua mapema kuliko lile lisilowekewa kitu. Sikuwalaumu.

Tuje kwako. Gunia lililolala litoe kwenye ubaridi, litandaze safu moja mahali pa giza penye nyuzi joto 18 hadi 20, na hewa ipite. Ukiona vinundu vyeupe, hamishia viazi kwenye mwanga hafifu. Mwanga hufanya chipukizi liwe fupi, nene, la kijani au zambarau, ambalo halivunjiki ukilishika. Viazi hivyo vikigeuka kijani ni vya kupanda tu, visiingie jikoni, kwa sababu vimejaa sumu iitwayo solanini.

Lililochipua, angalia kwanza machipukizi yako wapi. Kama kila kiazi kina chipukizi moja tu, upande ule wenye macho mengi, hiyo ni kazi ya homoni iitwayo oksini: jicho la kileleni limeamka kwanza na linawanyamazisha wenzake. Ling'oe kwa kidole gumba, na baada ya siku kadhaa macho ya ubavuni yataanza kufumbuka, upate mashina mengi kwa kila kiazi. Fanya hivyo mara moja tu. Niliyarudia mara tatu msimu mmoja, mbegu ikazeeka, ikaanza kutoa vijiazi vidogo kwenye machipukizi yenyewe badala ya mashina.

Friji sikushauri kwa viazi vya kula. Kwenye nyuzi 2 hadi 4 havichipui haraka, kweli, ila wanga wake hugeuka sukari na ukivikaanga vinakuwa vyeusi na vichungu kabla havijaiva ndani.

Swali moja kwako: gunia lililolala ni la shamba lako kweli, au uliongezea viazi vya kununua? Viazi vya kula wakati mwingine hupakwa klorprofamu, dawa ya kuzuia kuchipua. Hiyo si homoni, inazuia seli kugawanyika, na Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2020. Kama imepita hapo, joto, mwanga na jiberelini vyote havitakusaidia, tafuta mbegu nyingine.