Kamera haitakuwa rubani wako msaidizi

SWALI: Mimi ni kijana nisiyeona, natumia NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti. Nimeweka Flight Simulator X (FSX), simuleta ya kurusha ndege, kwenye kompyuta, lakini nikiwa angani NVDA inanyamaza kabisa. Fundi mmoja hapa mjini anasema atanifungia kamera na programu ya akili mnemba itakayotazama skrini na kunisimulia kila kitu, nami niipe amri kwa sauti. Nimlipe? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usimlipe, mdogo wangu. Swali hili naletewa kila mara, na nyuma yake hakosi fundi anayedhani kinachomkwamisha asiyeona ni kukosa mtu wa kumsimulia picha.

Simuleta huchora dashibodi kama picha tupu, ndiyo maana NVDA haina cha kusoma. Lakini mwinuko, mwendo, uelekeo na hali ya magurudumu vyote vimo ndani yake kama namba. FSX ilipotoka mwaka 2006 ilikuja na SimConnect, mlango rasmi wa kuchukulia namba hizo, na ipo pia FSUIPC ya Pete Dowson, programu ya ziada inayofanya kazi hiyohiyo. Rubani msaidizi wa maana huchota humo. It's Your Plane, programu ya rubani msaidizi ambayo wasioona waliikumbatia enzi hizo za FSX, haikuhitaji jicho lolote.

Sasa piga hesabu ya kamera. Ndege ya abiria ikija kutua kwa mwendo wa noti 140 (maili za baharini kwa saa) hushuka kama futi 700 kwa dakika, karibu 12 kila sekunde. Picha ipigwe, itumwe mtandaoni, jibu lirudi, lisomwe: sekunde tano hizo, bando likiwa zuri. Unaambiwa "futi mia moja" wakati umebakiza arobaini na kitu! Na mshale wa kipimo usipoonekana vizuri, mara nyingi akili mnemba haisemi "sijui". Inabuni namba na kuitamka kwa kujiamini.

Kuhusu amri za sauti, nunua hedifoni yenye maiki. Ukitumia spika, maiki inanasa mngurumo wa injini na sauti ya rubani msaidizi mwenyewe, naye anaanza kutii maneno yake. Fundi atakuja kulaumu lafudhi yako.

Wala si simuleta tu. Miwani inayosema, fimbo inayolia, simu "maalumu kwa wasioona" ambayo ni simu ya kawaida iliyopandishwa bei: wauzaji ni walewale. Kabla hujatoa hata shilingi, uliza taarifa inatoka wapi, inachelewa kiasi gani, na kifaa kinasema nini kisipojua. Huyo wa kwako mwambie azime skrini, avae hedifoni, aipaishe ndege na kuitua mbele yako. Wengi wakifika hapo hukumbuka kuna mteja mwingine anawasubiri dukani.