Kumtafuta mahabusu katika jela ya kaunti, Houston

Dada, pole sana kwa masaibu hayo. Umeuliza utajuaje iwapo mdogo wako aliyekamatwa Houston bado yuko jela. Sehemu kubwa ya jiji hilo imo katika Kaunti ya Harris, jimbo la Texas, ambako jela huendeshwa na ofisi ya sherifu, na tovuti ya ofisi hiyo ina ukurasa wa kumtafuta mahabusu bila malipo. Usikate tamaa jina lisipotokea mara moja, kwa sababu kumsajili mtu huchukua saa kadhaa, na majina yetu matatu huwachanganya makarani wa huko. Jaribu jina la babu kama jina la ukoo, kisha la baba, kisha ugeuze mpangilio na tahajia. Kumbukumbu za mashtaka na tarehe za kesi zake utazipata kwa karani wa mahakama za wilaya wa kaunti hiyohiyo. Tafadhali usilipe senti kwa tovuti binafsi zinazouza taarifa hizi. Asipoonekana kabisa, tafuta katika mfumo wa idara ya uhamiaji, ICE, ukitumia jina lake kamili na nchi aliyozaliwa.