Hujaniambia mwenye nyumba anakaa wapi

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza kama Chamazi ni mbali mno kwa mtu anayefanya kazi Posta, maana kodi ya Sinza imekushinda. Hesabu yako nimeiona: chumba masta 80,000 kwa mwezi, miezi sita mkononi, na dalali anataka mwezi wake, jumla 560,000. Umbali utauzoea. Utaamka saa kumi, utapanda gari mbili, utajifunza kusinzia umesimama. Tena siku hizi barabara ya mwendokasi imefika Mbagala, sisi tuliing'ang'ania milango ya daladala.

Ila hujaniambia mwenye nyumba anakaa wapi. Humo humo uani, au anakuja kuchukua kodi na kwenda zake? Na LUKU je, una mita yako au mnachanga? Mpangaji haishi na chumba, anaishi na mwenye nyumba. Cheka tu.

Wewe ulikuwa darasa la kwanza. Nyumba ile ya Mbagala ilikuwa na vyumba sita na mita moja, tukilipa 15,000 kwa mwezi, na umeme tunachanga sawasawa, mwenye friji na asiye nayo. Jumapili usiku napiga pasi sketi yako ya marinda. Taa zikazimika. Kumbe mama mwenye nyumba kachomoa fyuzi kwa mkono wake, kasimama uani na khanga yake, wapangaji wote wametoka: "Wengine wamekuja mjini kumaliza umeme wa wenzao!" Mwenye friji alikuwa pale, kimya. Na marehemu baba yako, Mungu amrehemu, akasema, "Tusamehe, mama." Tusamehe! Kwa pasi ya dakika tano! Nilimnunia wiki nzima, na kesho yake nikaenda kununua pasi ya mkaa, nikawa napigia pale pale uani, mbele ya mlango wake, makaa yakirusha cheche. Hiyo raha niliipata, sikufichi.

Kwa hiyo ningekwambia usithubutu kupanga nyumba anayoishi mwenyewe. Lakini ngoja.

Jumatano ile mabomu ya kambi ya jeshi yalipolipuka Mbagala, 29 Aprili 2009, mimi nilikuwa Kariakoo na baba yako kazini bandarini. Unaikumbuka kuliko mimi, maana wewe ulikuwepo. Nani alikupitia shuleni, watoto wanakimbia huku na huku? Wapangaji wenzangu niliokuwa nikiwapa chumvi, kila mmoja alishika njia yake. Nilikukuta Kongowe giza limeshaingia, umefungwa mgongoni mwa mama yule yule kwa khanga, mtoto mkubwa miguu inaning'inia, na yeye peku. Nilipiga magoti pale barabarani kumshukuru. Akanijibu nini? "Umeme wa mwezi huu bado hujalipa."

Sasa mtu kama huyo utamweka wapi? Kama angekuwa anaishi Masaki na kodi anatumiwa kwa simu, ningekupata wapi usiku ule? Lakini pia fyuzi isingechomolewa. Nimelifikiria jambo hili miaka yote na bado kila nikifika kwenye ile "tusamehe" damu inanichemka.

Mjomba wako anasema hamia, pesa ni pesa. Mimi sisemi hamia wala sisemi usihamie, ingawa ulimi unaniwasha. Kabla hujatoa hata shilingi, nenda pale jioni watu wakiwa wamerudi kazini, na dalali asiwepo. Kaa uani, omba maji ya kunywa, uone nani anakuletea. Kisha nipigie.

Ile pasi ya mkaa bado ninayo, juu ya kabati. Ukikuta mita ni moja, niambie niipakie kwenye basi.

Mama yako